Springi na Nondo: Vifaa Gani vya Chini ya Gari Ujitengenezee Mwenyewe

Mwalimu mmoja wa skuli, mkaazi wa Wete, ameniandikia hivi:

"Assalamu alaykum fundi. Nina Toyota IST, na mbele upande wa kushoto inagonga kila nikipita tuta au shimo. Fundi wa hapa ameniambia shokapu zimekwisha na bushi za loa amu, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaolishika gurudumu, zimechanika. Spea nimeshaagiza Unguja, lakini kibanio cha springi na presi ya kutolea bushi sijavipata hapa kwetu. Jirani yangu anachomelea milango na madirisha, na ameahidi kunitengenezea vyote viwili: kibanio kwa nondo ya milimita 12, na presi kwa bomba na bolti. Napenda kuifanya kazi hii mwenyewe. Jee, vitafaa? Na vifaa gani vyengine naweza kujitengenezea?"

Waalaykumu salaam, mwalimu. Presi ya bushi mwambie jirani yako aanze hata leo, na vipimo vyake nitakupa hapa chini. Kibanio cha springi mwambie akiache. Kama ameshaikata nondo, airudishe kwenye kazi yake ya madirisha.

Nimekuwa chini ya magari kwa miaka 27, kwanza Unguja na sasa Chake Chake, na zaidi ya nusu ya vifaa vilivyomo kwenye sanduku langu vimetengenezwa kwa mikono: vyengine na mimi, vyengine na wahunzi, vyengine na vijana wa kuchomelea. Kwa hiyo sikikatai kifaa kwa kuwa hakikutoka dukani. Hicho kimoja nakikataa kwa sababu ya swali ninalojiuliza kabla ya kutengeneza chochote: kikivunjika nikiwa nimekishika, kitakwenda wapi? Bolti ya presi ikishindwa, hesi zake hukwanguka na kazi husimama pale pale. Umepoteza bolti. Springi iliyobanwa ikiponyoka, inaondoka na chochote kilicho mbele yake.

Itazame ilivyokaa. Mbele ya IST, kama ilivyo kwenye Toyota ndogo nyingi, springi na shokapu ni kitu kimoja kilichosimama wima. Mpango huu ni wa mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na magari ya Ford yaliyoundwa Uingereza yalianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Springi imekaa baina ya sahani mbili. Ya chini imechomelewa kwenye mwili wa shokapu, ya juu imezuiwa na nati moja iliyo kwenye ncha ya fimbo. Hata gari likiwa juu ya jeki na tairi linaning'inia, springi bado imebanwa mle ndani, na nati ile moja ndiyo inayoizuia isitoke.

Gari la tani moja hivi, gurudumu moja la mbele hubeba karibu kilo 300, sawa na mifuko 6 ya saruji. Gari likiwa limesimama tu, springi ndiyo inayoibeba mifuko hiyo. Kuibana springi ya namna hiyo kwa sentimita 10 kunataka nguvu ya kilo 200 au zaidi, na nguvu yote utakayoitia kwa spana, kidogo kidogo, inabaki mle ikingoja pa kutokea.

Jirani yako atakwambia nondo ya milimita 12 inabeba tani kadhaa, na kweli inabeba, ikivutwa wima. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kwenye kibanio, springi inaikamata nondo kwa ndoano, nje ya mstari wa katikati, kwa hiyo nguvu haiivuti bali inaipinda. Ndoano haihitaji kukatika. Inafunguka tu. Na pale ilipochomelewa, pembeni kidogo ya mshono, chuma cha nondo huwa kimeshaguswa na moto na kimekuwa kikavu. Hapo huachia bila kutoa ishara yoyote.

Nimeyaona kwa macho yangu. Nilipokuwa mwanagenzi, gereji niliyokuwa najifunzia ilikuwa na vibanio viwili vya nondo ambavyo vilishafanya kazi miaka, na hakuna aliyevitilia shaka. Mchana mmoja mimi nilikuwa nimeshikilia shokapu kwa chini, mwenzangu anakaza. Niliiona ndoano ikifunguka. Haikulia. Ilinyooka taratibu kama kidole cha mtu anayekunjua mkono, na nikapata muda wa kusema "ngoja" tu. Springi ilipinda ubavuni, ikachomoka, ikatoboa bati la ukuta umbali wa kama mita nne. Sahani ya juu ndiyo iliyompiga mwenzangu, chini ya kiwiko, na mfupa ukavunjika pahala pawili. Mkono ulipona, lakini nguvu za kukaza nati hazikumrudia. Kibanio kile kilikuwa kimefanya kazi vizuri mara nyingi kabla ya siku ile, ndiyo maana sikubali hoja ya kwamba "fulani anacho na hakijamdhuru".

Sasa shokapu utabadilisha vipi? Ishushe nzima. Fungua nati ndogo za juu, zile zilizoizunguka nati ya katikati, na bolti mbili kubwa za chini, baada ya kuuachia mpira wa breki na waya wa sensa kama vimefungwa kwenye mwili wa shokapu. Nati ya katikati usiiguse kabisa. Maadam haijaguswa, shokapu na springi yake ni mzigo kama mzigo mwengine: itie kwenye gunia, panda gari, ipeleke kwenye gereji yenye kibanio cha kiwandani pamoja na shokapu mpya. Wao wabadilishe, wewe urudi nayo ufunge mwenyewe. Unachokosa ni kazi ya nusu saa tu, na kazi yote iliyobaki inabaki mikononi mwako.

Njia ya pili ni kukinunua. Kibanio cha kiwandani mtu mmoja hukitumia mara moja kwa miaka, kwa hiyo walimu wanne wenye magari wakichanga kama wanavyocheza upatu, kinakuwa chenu. Mkikipata, vipande viwili vikae vikitazamana sawasawa, pande mbili za springi, na kila kimoja kikamate mizunguko mingi iwezekanavyo. Kaza huku mizunguko miwili mitatu, kisha kule, kwa spana ya mkono, si kwa mashine. Pitisha mnyororo au mkanda wa kiti cha gari katikati ya springi na kuizunguka, ukiwa umelegea kidogo, ili ikiponyoka isifike mbali. Usikae juu ya mstari wa springi wala chini yake. Nati ya katikati inafunguliwa baada ya springi kuachana na sahani ya juu: ishike springi kwa mkono, ikizunguka bila kukwama, hapo ndipo.

Fimbo ya shokapu ikizunguka pamoja na nati, usiikamate kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja kwenye ile fimbo inayong'aa unatosha kuichana sili ya mafuta, na shokapu mpya itavuja. Hapa pana kifaa kizuri cha kujitengenezea: chukua soketi ndefu ya zamani, jirani yako aichomelee nati kubwa kwa nje. Spana itaishika nati ile ya nje, na alenki itapita katikati ya soketi kuishika fimbo, kama ncha ya fimbo ina tundu la alenki.

Kabla hujafungua chochote, lakini, hakikisha ugonjwa. Shokapu iliyokwisha kwa kawaida hulifanya gari lidunde na kuyumba. Mlio mkavu wa ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachoshikana na fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, ambayo ni spea ya bei ndogo na haihitaji kifaa chochote zaidi ya spana mbili. Zima injini, vuta breki ya mkono, zuia matairi, mwache mtoto mkubwa alitikise gari kwa juu, nawe weka vidole kwenye kichwa cha linki. Kama imekwisha utausikia mgongano kwenye vidole kabla hujausikia masikioni. Bushi ijaribu kwa mtaimbo: ingiza ncha baina ya loa amu na chesi, sukuma. Mpira mzima hurudi taratibu. Uliochanika hucheza na kuonesha mdomo wa ufa.

Tuje kwenye presi, maana hii ndiyo raha ya kazi yako. Inafanya jambo moja: bolti ndefu inapita katikati ya bushi, upande mmoja pana kisukumio, upande wa pili pana kipokeo, na ukikaza nati, kisukumio kinaitoa bushi kwenye tundu lake na kuiingiza ndani ya kipokeo. Hakuna pahala pa kuchomelea hata kidogo. Nalitilia mkazo hili kwa sababu mabomba ya maji yana zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa na kutetemeka usiku mzima. Kama jirani yako atataka kuchomelea kitu chochote kwenye bomba hilo, aisage kwanza zinki yote mpaka chuma kitupu, na kazi aifanyie nje penye upepo.

Vipimo. Pima kwanza kipenyo cha nje cha ganda la bushi mpya. Tuseme umepata milimita 45. Kisukumio kinatakiwa kiwe kidogo kuliko hapo kwa milimita mbili tatu, ili kisukume ganda la chuma bila kugusa ukuta wa tundu. Kipokeo kinatakiwa uwazi wake wa ndani uwe mkubwa kuliko ganda. Hapa watu hupotea dukani, kwa sababu bomba la inchi 2 ukilipima halina inchi 2 popote: nje lina milimita 60, ndani kama 52 au 53. La inchi moja na nusu lina milimita 48 nje, la inchi moja na robo lina 42. Kwa bushi ya milimita 45, basi, la inchi moja na robo linakuwa kisukumio na la inchi 2 linakuwa kipokeo. Kama kipokeo kinateleza na kuuvuka mdomo wa tundu badala ya kuukalia, weka kati yake ringi la nje la beringi kuukuu lenye kipenyo kinachofaa. Gereji yoyote ina beringi mbovu kwenye ndoo, na chuma chake ni kigumu kuliko kitu chochote utakachokipata hadwea. Waombe matatu manne ya saizi mbalimbali, utayahitaji.

Vipande vikatwe sentimita 8 hivi, na ncha zake ziwe mraba kabisa. Njia ya kupata mstari wa mraba kwenye bomba ni kulizungushia karatasi yenye ukingo ulionyooka, ukingo ukutane na wenzake, kisha chora kwa chaki ukiufuata. Ncha ikiwa imelala, bushi itaingia upande na kuparura tundu, na loa amu ikishaparurwa haikamati tena.

Bolti ndiyo roho ya presi. Tazama kichwani pake: ukiona 8.8 imeandikwa, chukua. Ile 8 ya kwanza inakwambia chuma hicho hukatika kwenye nguvu ya Niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na .8 inakwambia huanza kunyooka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya nguvu hiyo. Fimbo ndefu za hesi zinazouzwa kwa ajili ya kufungia mapaa mara nyingi hazina alama yoyote, na chuma chake ni laini: hesi zitakwanguka bushi ikiwa nusu njia, na huo ni wakati mbaya kabisa. Tafuta bolti ya 8.8 ya unene wa milimita 14, au 16 kama tundu la bushi linairuhusu, yenye urefu wa sentimita 20 na hesi nyingi. Wauza vyuma chakavu wanazo kutoka kwenye malori. Ikiwa tundu la kati la bushi linakubali milimita 12 tu, tumia hiyo hiyo, lakini iwe 8.8 na uibadilishe baada ya bushi chache.

Mwisho wake ni sahani mbili za chuma cha milimita 10, kila moja na tundu la bolti, za kufunika ncha za mabomba. Washa za kawaida hupinda kama sahani ya chai na kuzama ndani ya bomba. Paka grisi nyingi kwenye hesi na chini ya nati, maana sehemu kubwa ya nguvu za mkono wako inaliwa na msuguano hapo.

Siku ya kazi, kabla ya kuitoa bushi, weka alama. Bushi nyingi za loa amu zina nafasi zilizoachwa wazi ndani ya mpira, na nafasi hizo zina upande wake; ukizifunga zimegeuka, gari litavuta na mpira utachanika mapema. Piga alama kwa tindo kwenye loa amu usawa wa nafasi hizo, kisha piga picha kwa simu. Pima pia ganda limechomoza kiasi gani kila upande. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache mpaka asubuhi, khasa kama gari lako huegeshwa karibu na pwani, kwani chumvi hulishika lile ganda utadhani limechomelewa.

Halafu kaza. Mwanzoni nati itakuwa nzito, nzito zaidi, mpaka utajisemea hapa sasa kitu kinakatika. Kisha utasikia mlio mmoja mkavu, tak, na nati italegea ghafla. Usishtuke, ni kutu imeachia. Baada ya hapo bushi inatembea milimita kwa milimita. Kama haikulia na bolti imeanza kurefuka, usiilazimishe: toboa mpira, utoe kitovu cha kati, kisha pitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu na ulikate ganda kwa urefu, polepole, ukisimama kabla ya kuigusa loa amu. Watu huchoma mpira kwa moto ili watoke haraka. Moshi wake ni mbaya kwa kifua, na moto haujui pa kukoma.

Kuingiza mpya, ilaze bushi kwenye friza usiku mmoja, hata kama ni friza la kugandishia malai. Ganda la milimita 45 likitoka kwenye joto letu mpaka baridi ya friza hupungua kama milimita 0.025. Ni kidogo kuliko unywele, lakini kwenye kitu kinachoingia kwa kubanwa unausikia msaada wake. Safisha tundu kwa msasa, na kama unataka kitu cha kutelezesha mpira tumia maji ya sabuni. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida huuvimbisha mpira wa asili na kuuoza.

Na jambo moja ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulisahau: bolti zinazoifunga loa amu kwenye chesi zisikazwe kwa mwisho gari likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi umeshikana na kitovu chake. Ukikaza loa amu ikiwa imeshuka, gari likitua mpira unabaki umesokotwa muda wote, na bushi mpya inachanika kabla ya mwaka. Zikaze kidogo tu, kisha weka jeki chini ya loa amu karibu na boljointi, kile kiungo kinachoishikanisha na gurudumu, inyanyue mpaka gari lianze kuachana na mbao zilizolibeba, ndipo ukaze kabisa.

Boljointi yenyewe ina pini yenye umbo la koni, na hapo ndipo watu hununua ile kabari yenye meno mawili. Kabari unaweza kumpelekea mhunzi akufulie kwa pati ya springi ya lori, chuma kizuri sana kwa kazi hiyo, lakini jua kwamba huchana mpira wa vumbi. Itumie kwa boljointi unayoitupa. Kwa nzima, nyundo mbili zinatosha: legeza nati lakini iache ishike hesi chache, weka nyundo nzito upande mmoja wa sikio la chuma lililoishika pini, piga upande wa pili kwa nyundo nyengine, mara tatu nne kwa nguvu. Sikio linaminywa kwa nukta moja na koni inaruka yenyewe. Unapiga sikio, si ncha ya pini.

Kuitoa pini kwenye sikio, loa amu inatakiwa ishuke chini, na inagoma. Hapa mimi natumia boriti la mkoko lililobaki kwenye ujenzi, mita mbili, nene kama mkono wa juu. Funga mnyororo kwenye loa amu, uzungushe kwenye boriti, ncha fupi ya boriti iegemee chini ya sehemu imara ya mwili wa gari, na ncha ndefu uikanyage kwa mguu. Loa amu inashuka kwa upole, mikono yote miwili iko huru. Boriti likivunjika, mguu wako unafika chini, basi. Kwa kifaa cha aina hii jitengenezee unavyotaka.

Stendi za kushikilia gari, kwa upande mwengine, usimwachie jirani yako azichomelee. Nimesema kikivunjika kinakwenda wapi. Stendi ikivunjika, gari linakuja juu ya kifua chako. Na matofali ya saruji usiyatie chini ya gari hata kwa dakika moja, kwa sababu hayapasuki kidogo kidogo, yanageuka kifusi kwa mara moja. Kama stendi za dukani hazipo, panga mbao ngumu za sentimita 10 kwa 10, mbili hivi na mbili zikikatiza juu yake, mpaka zifike chini ya chesi, juu ya ubao mpana ikiwa ardhi yako ni ya udongo. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Jeki kazi yake ni kunyanyua, na ikishanyanyua, uzito uhamie kwenye mbao.

Utaona pia vijana wakikata miili ya shokapu kuukuu kutengeneza mabomba ya presi. Ni bomba zuri kwa kutazama, lakini shokapu nyingi za siku hizi zina gesi iliyobanwa pamoja na mafuta, na grenda au moto ukifika hapo huripuka usoni. Maelekezo ya Toyota yenyewe yanataka zitobolewe tundu dogo kutoa gesi kabla ya kutupwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asichomelee chochote karibu na shokapu iliyo garini.

Kwa kukaza nati za tairi, wengi hawana spana ya kupimia nguvu. Unayo pwani. Nati za tairi za Toyota ndogo zinataka Niutoni mita 103, ambazo ni sawa na kuvuta kilo 21 kwenye mpini wa nusu mita. Omba mizani ya kuning'iniza wanayopimia pweza, uifunge kwenye mpini wa spana sentimita 50 kutoka katikati ya nati, uvute kwa pembe mraba mpaka isome 21. Mpini wa mita moja, kilo 10 na nusu. Hesabu ni ile ile kwa bolti nyengine yoyote: chukua Niutoni mita za kitabu, gawa kwa 9.8, kisha gawa kwa urefu wa mpini kwa mita, unapata kilo za kuvuta. Wewe ni mwalimu, hili litakuwa somo jepesi. Hakikisha tu mizani yenyewe ni ya kweli: ning'iniza ndoo yenye lita 20 za maji, isome 20 na uzito wa ndoo.

Baada ya kugusa bushi na shokapu, matairi ya mbele hayatabaki yalivyokuwa yakitazama, na alaimenti ya mashine utaifuata siku utakapopata nafasi. Mpaka hapo, kalamu ya chaki, timazi la mwashi na mshipi wa kuvulia vinatosha. Simamisha gari pahala bapa, usukani katikati. Weka nukta ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa upande wa nyuma, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu. Teremsha timazi kutoka kila nukta mpaka chini, weka alama sakafuni, nyoosha mshipi baina ya alama mbili na ufunge fundo. Sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka nukta zile zile zije mbele kwa urefu ule ule, upime tena kwa mshipi ule ule. Tofauti baina ya vipimo viwili ndiyo unayoitafuta. Kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele huwa ni sifuri au milimita moja mbili, na namba kamili ni ya kitabu cha gari lako. Ikiwa umepata milimita 8, usifike nalo Mkoani. Rekebisha tairodi kwa robo mzunguko kila upande, upime tena. Usilirudishe gari nyuma baina ya vipimo, kwa sababu matairi hujigeuza kidogo na utapata jibu la uongo.

Ukishamaliza, endesha kama kilomita 50 za njia zako za kawaida, kisha urudi na mizani yako ya pweza uzijaribu tena nati za tairi na bolti mbili za chini za shokapu. Kama ko-ko bado ipo, niandikie kwa upande gani na kwenye mwendo gani, na usinunue spea nyengine kabla sijakujibu.